Nyuki Aliyeanguka Bustanini: Tumnyanyue au Tumwache?

MWENYE BUSTANI: Nyuki akionekana chini bustanini, anatambaa kwa taabu na kila akijaribu kuruka anapinduka, asiachwe. Sisemi hivyo kwa huruma tupu. Nasema kwa sababu ya jinsi mwili wake unavyofanya kazi. Nzige anayevuka nchi huchoma mafuta aliyojiwekea mwilini, lakini nyuki wa asali huruka kwa sukari, na sukari hiyo ni ile kidogo aliyotoka nayo mzingani pamoja na atakayoipata njiani kwenye maua. Kiangazi kikikausha maua, au mvua ikinyesha mfululizo na kuyaosha, nyuki aliyetoka kutafuta chakula huweza kuishiwa nguvu akiwa karibu kabisa na kwao, akatua chini asiweze kuinuka. Hana jeraha wala ugonjwa, ameishiwa tu. Tone moja la maji ya sukari, kwa kipimo cha vijiko viwili vya sukari nyeupe na kijiko kimoja cha maji, likiwekwa kwenye ncha ya kijiko mbele ya kichwa chake, humtosha. Tazama kinachofuata. Hukunjua ulimi, ule mrija mwembamba wa rangi ya kahawia, akanyonya, na tumbo lake lenye pingili likaanza kujivuta na kujiachia. Baada ya dakika chache hupitisha vipapasio kwenye kijipengo kilichomo katika mguu wa mbele, mahali alipoumbiwa kuvisafishia, hutetemesha misuli ya kifua mpaka ipate joto, kisha anaondoka. Anayesema tumwache anatakiwa atueleze ni hasara gani inayoepukwa kwa kumwacha.

MFUGAJI NYUKI: Hasara ipo, mama, na nitaitaja. Lakini kwanza tuelewane ni nani tunayemzungumzia. Nyuki kibarua, msimu wa kazi, huishi wiki sita hivi. Sehemu kubwa ya umri huo huimaliza ndani: anasafisha vyumba vya sega, analisha majana, anajenga, analinda mlango. Wiki mbili tatu za mwisho ndipo anapotoka kutafuta chakula. Kwa hiyo yule unayemkuta nje ni mzee tayari. Mtazame mabawa: kingo zimechanika, manyoya ya mgongoni yamekwisha, kifua kinang'aa. Wengi wanaoanguka njiani hawakuishiwa sukari, wameishiwa siku. Na nyuma yao malkia anataga mayai hadi 1,500 kwa siku wakati wa neema. Kwa mfugaji, kundi lenyewe ndilo kiumbe. Nyuki mmoja mmoja ni sehemu za mwili huo, zinazokufa na kuzaliwa upya kila siku bila kundi kutetereka. Ukimpa sukari asubuhi akafa jioni, kundi halikupata kitu.

Sasa hasara. Watu wengi hawashiki sukari nyeupe, wanashika kilicho karibu. Mmoja anachukua asali ya dukani akidhani ndiyo chakula chake halisi. Asali hiyo huweza kubeba mbegu za bakteria wanaoozesha majana, na mbegu hizo hukaa hai kwa miongo ya miaka zikisubiri mzinga wa kuingia. Ugonjwa huo uliripotiwa Western Cape, Afrika Kusini, mwaka 2009. Si jambo la Ulaya peke yake. Mwingine anatumia sukari guru, yenye uchafu na madini yanayomharisha nyuki. Na mwenye moyo mkubwa zaidi anajaza sahani nzima na kuiacha uani kila siku. Sahani hiyo inavuta nyuki wa makundi mbalimbali, wenye afya na wagonjwa, wanakunywa mahali pamoja. Halafu wakishazoea utamu wa bure wanaanza kupora mizinga dhaifu ya jirani. Nimetaja hasara tatu, na zote zinaanzia kwenye kijiko chako.

MWENYE BUSTANI: Zote zinaanzia kwenye kijiko kilichotumiwa vibaya. Mtu akimpa mtoto dawa isiyo yake, hatusemi watoto wasipewe dawa. Nimesema sukari nyeupe, nimesema tone, nimesema nyuki mmoja aliye chini. Asali hapana, sukari guru hapana, sahani hapana. Hapo tumekubaliana, mzee, na nakushukuru kwa kuyaweka wazi kwa sababu ushauri huu husambaa bila masharti yake. Ila hilo la uzee silikubali kwa haraka hivyo. Umesema wengi. Hukusema wote. Anayepita njiani hawezi kujua kwa kumtazama mara moja kama huyu ni wa wiki ya tano au ni kijana aliyekosa maua, na kijana huyo bado ana siku nyingi za kuleta chakula nyumbani. Kati ya kukosea kwa kumpa tone mzee anayekufa na kukosea kwa kumwacha kijana afe, kosa la kwanza halimdhuru yeyote.

MTAFITI WA WADUDU: Naomba niingie hapa kabla hamjaenda mbali, kwa sababu ushauri wa kijiko una kwao. Mwaka 2018 ulienea kwenye Facebook ujumbe wenye jina la mtangazaji wa Uingereza, David Attenborough, ukiwahimiza watu waweke maji ya sukari kwa ajili ya nyuki waliochoka. Ukurasa ule haukuwa wake, na maneno yale hakuyasema. Ndani ya wimbi hilohilo ndimo lilimopita lile dai kwamba nyuki wakitoweka binadamu amebakiwa na miaka minne, ambalo hubandikwa jina la Einstein bila ushahidi wowote. Hata hivyo, ushauri wenyewe haukuwa uongo mtupu. Mashirika ya hifadhi ya Uingereza yamekuwa yakiutoa kama huduma ya dharura. Lakini wao walikuwa wakimfikiria zaidi nyuki mwingine: yule mnene mwenye manyoya, wa jenasi ya Bombus. Malkia wake hulala ardhini majira yote ya baridi, akaamka peke yake maua yakiwa bado machache, na kundi zima la mwaka huo limo tumboni mwake. Akifa yeye, kundi halizaliwi. Afrika kusini ya Sahara hatuna Bombus wa asili. Tumeupokea ushauri, lakini nyuki uliyemhusu hayupo kwetu.

Na lipo la pili. Katika nyanda zetu za juu, Limuru, Lushoto, Njombe, asubuhi za Juni na Julai, nyuki wengi wanaodhaniwa wanakufa wameshikwa na baridi tu. Ili apae, kifua chake lazima kipate joto la karibu nyuzi 30. Mwili ukishuka hadi nyuzi 10 hivi hawezi hata kutembea. Nyuki aliyezimika namna hiyo hana uwezo wa kunyonya, kwa hiyo tone la sukari mbele yake halina kazi. Mwinue kwa jani, umweke juu ya jiwe au ua lililopigwa na jua. Kuna na wale ambao hawaumwi kabisa. Madume ya aina kadhaa za nyuki wasio na mzinga hulala nje usiku, wameng'ata kijiti kikavu kwa taya, miguu imekunjwa, mwili unaning'inia. Ukiwaona alfajiri utaapa wamekufa. Jua likipanda wanaachia na kwenda zao.

MFUGAJI NYUKI: Umesikia, mama? Mmoja amezeeka, mwingine amepatwa na baridi, mwingine amelala. Kijiko hakimfai hata mmoja kati yao.

MWENYE BUSTANI: Nimesikia, tena nimesikia jambo ambalo wewe, mzee, umelipita. Mtafiti amesema malkia yule wa Ulaya hutetewa kwa sababu yeye mmoja ni kundi zima. Sasa twende kwa nyuki wetu. Duniani kuna aina za nyuki zipatazo 20,000, na walio wengi hawana mzinga, hawana malkia, hawana vibarua. Jike mmoja anachimba shimo lake ardhini au kwenye kijiti, anakusanya chavua peke yake, anataga, anaziba, basi. Mchukue nyuki seremala, yule mkubwa mweusi anayetoboa mbao kavu za paa na nguzo za uzio. Jike hutengeneza vyumba kwenye handaki lake, kila chumba donge la chavua na yai moja kubwa, na mayai yenyewe ni machache. Hakuna malkia wa 1,500 kwa siku nyuma yake. Akizama kwenye ndoo ya kumwagilia, ukoo wote umezama. Na huyo ndiye anayechavusha pasheni ya njano: ua lake ni kubwa, chavua imening'inia juu, nyuki wa asali hupita chini akachota nekta bila kugusa panapotakiwa. Seremala anaigusa kwa mgongo. Asipokuwepo, mkulima analazimika kuchavusha ua moja moja kwa mkono.

Hata nyanya na biringanya zina habari zake. Chavua yake imefungiwa ndani ya vimirija, na hutoka kwa kutikiswa. Nyuki seremala na wale wadogo wenye mistari ya bluu tumboni hulikumbatia ua na kuvumisha misuli mpaka chavua imwagike. Nyuki wako wa mizinga, pamoja na sifa zake zote, hajui kufanya hivyo. Kwa hiyo hoja yako kwamba mmoja si kitu, kitu ni kundi, ni kweli kwa aina unayoifuga. Umeichukua hesabu ya mzinga ukaitandaza juu ya nyuki wote.

MFUGAJI NYUKI: Hapo umenigusa, na sikatai. Mfugaji ana macho ya mzinga. Lakini hoja yako imekuhukumu na wewe, maana anayeinama na kijiko ni nadra kujua kama huyo ni wa mzinga au wa upweke. Na nina jambo zito zaidi kuhusu huyu wa mzinga, kwa sababu ndiye anayeokotwa mara nyingi. Mwaka 2010 watafiti walichapisha matokeo ya jaribio: vibarua waliodhoofishwa kwa makusudi, kwa gesi au kwa kemikali, waliutoka mzinga wakaenda kufia nje na hawakurudi. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba mgonjwa anajitenga ili asiwaambukize wenziwe. Maelfu wanaishi wamebanana gizani, wanalishana mdomo kwa mdomo. Mgonjwa mmoja akibaki ndani ni hatari kwa wote. Sasa wewe unamkuta njiani, amefanya jambo kubwa kuliko yote aliyowahi kufanya, unampa sukari, anapata nguvu ya safari moja, na unamrudisha kwao na ugonjwa wake.

MTAFITI WA WADUDU: Jaribio lipo na mzee amelieleza vizuri. Niongeze tu kwamba waliotoka katika jaribio lile hawakuonyesha nia ya kurudi, kwa hiyo hatuwezi kusema tone la sukari lingewageuza. Hilo la kurudishwa nyumbani linawezekana, ila halijathibitishwa.

MWENYE BUSTANI: Basi lisibebe uzito wa hoja nzima. Na nitauliza swali gumu, nalo mzee asilichukulie vibaya. Anayetuambia tumheshimu nyuki kwa kutomgusa anatoka kwenye kazi ambayo, sehemu nyingi, bado inavuna kwa moto. Mrinaji anapanda usiku na kienge kinachowaka, anakichomeka mlangoni mwa mzinga, nyuki wanaungua kwa maelfu, masega yanakatwa pamoja na majana, na kundi lililobaki linahama au linakufa. Mzinga wa gome nao unatokana na mti wa miombo uliochunwa ngozi mzunguko mzima, na mti uliochunwa hivyo haukai. Mtu anayeokoa mmoja kwa kijiko na mtu anayeunguza maelfu kwa kienge, ni yupi anayestahili kuambiwa aizuie mikono yake?

MFUGAJI NYUKI: Kienge sikitetei. Kinaua nyuki, kinaunguza msitu, na asali inayotoka humo ina majivu na ladha ya moshi, mnunuzi anaikataa. Ndiyo sababu ya kufundishana bomba la moshi, nguo za kinga, na mizinga ya masanduku ambayo unachukua sega la asali ukaacha la majana. Wapo wafugaji waliokwisha kubadilika na wapo ambao bado. Lakini ona kwamba hata hapo tatizo halikutatuliwa kwa kumwokota nyuki mmoja aliyeungua. Lilitatuliwa kwa kubadili namna ya kuvuna.

Na hawa nyuki wetu, mama, si viumbe wa kubembelezwa. Mwaka 1956 mtafiti Warwick Kerr aliwapeleka malkia wa Kiafrika Brazil, wengi kutoka Afrika Kusini na wachache kutoka Tanganyika. Mwaka uliofuata makundi 26 yakatoroka. Hakuna aliyewapa sukari. Walivuka Amazon, wakapanda Amerika ya Kati, na mwaka 1990 walikuwa wamefika Texas. Utitiri wa varoa, ambao umewasumbua sana wafugaji wa Ulaya na Marekani, ulionekana Kenya na Tanzania mwaka 2009, na uchunguzi wa mizinga ya Kenya uliochapishwa mwaka 2014 uliukuta karibu kila pembe ya nchi isipokuwa kaskazini ya mbali, lakini makundi hayakuonekana kuporomoka kwa sababu yake. Anayeugua anakufa, anayehimili anazaa, na ndivyo uzao unavyokuwa imara. Kila tunapoweka mkono kati ya nyuki na udhaifu wake tunaingilia kazi hiyo.

MTAFITI WA WADUDU: Hoja ya uimara ina nguvu kwa varoa. Kwa sumu haina. Uchunguzi huohuo wa Kenya ulipima viuatilifu ndani ya mizinga na kukuta kiasi kidogo, jambo ambalo huenda ndilo linaloyasaidia makundi yetu kuvumilia mengine. Bustani ya mjini, au shamba la nyanya la umwagiliaji, ni mazingira tofauti na msitu wa Sikonge. Nyuki hawajapata vizazi vya kuzoea dawa iliyoingia dukani juzi. Na nyuki aliyepigwa sumu ana dalili zake, hafanani na aliyechoka. Aliyechoka ametulia, anatembea polepole. Aliyepigwa sumu anatetemeka, anazunguka mahali pamoja, anaanguka chali na kupiga miguu hewani, na akifa ulimi wake mara nyingi umebaki nje umenyooka. Ukikuta mmoja amechoka, huenda ni jambo lake. Ukikuta kadhaa wametapakaa chini ya mti uleule, ndimi zimetoka, hapo kuna mtu amepuliza dawa. Hakuna tone la sukari litakalowaponya, na kuwapa ni kupoteza muda wa kutafuta chanzo.

MWENYE BUSTANI: Na ni nani atakayeziona hizo ndimi? Si yule aliyefundishwa kwamba nyuki aliye chini amefikia siku zake na apitwe. Atakayeziona ni yule aliyezoea kuinama. Hapa ndipo penye kiini cha ninachokitetea. Kumsaidia nyuki mmoja kunamlazimisha mtu amkaribie, amtazame kama mabawa yamekunjamana kwa ugonjwa, kama anatetemeka, kama amelowa, kama ameshika chavua miguuni. Mwisho wa kutazama huko mara nyingi atagundua kwamba sukari haihitajiki: huyu wa jua, huyu wa kutolewa ndooni, huyu wa kuachwa. Lakini uamuzi wa kumwacha utakuwa umetokana na kumjua. Watu wanaambiwa kwamba karibu robo tatu ya mazao makuu ya chakula duniani yanategemea, kwa kiasi fulani, wadudu na wanyama wachavushaji. Takwimu hiyo ni kweli, lakini sijaona mtu anayeacha kupulizia maua ya maboga kwa kusikia neno robo tatu. Anaacha akiwa amekwisha kuona nani anayekufa.

MFUGAJI NYUKI: Natamani ingekuwa hivyo. Ninachokiona kwa watu ni kinyume: tenda wema nenda zako. Mtu anaweka tone, nyuki anaruka, moyo unatulia, biashara imekwisha. Uani kwake kote ni sementi na nyasi zilizonyolewa hadi ardhini. Mti wa maua umekatwa kwa sababu unaangusha uchafu kwenye gari. Kundi la nyuki linalohama likitua kwenye dari anaita watu waje na petroli, na watu hao hawaulizi kama jirani kuna mfugaji ambaye angelichukua bure. Wema wa kijiko umemlipia dhamana. Hajioni tena mdaiwa. Kama angepanda mrehani, alizeti, mbaazi kwenye uzio, akaacha kipande cha udongo mkavu bila kukilima kwa ajili ya hao wako wa upweke, akaweka sahani ya maji yenye kokoto za kutulia, angelisha nyuki wengi kila siku bila kumshika hata mmoja. Nguvu za mtu zina mpaka. Zikiishia kwenye kijiko, zimeishia pabaya.

MWENYE BUSTANI: Unazungumza kana kwamba wema una akiba moja, ikitumika hapa, kule haipo. Sioni ushahidi wake. Mwenye kupanda mrehani kwa ajili ya nyuki na mwenye kumtoa nyuki ndooni, kwa sehemu kubwa, ni mtu yuleyule. Lakini tuseme una haki, kwamba wapo wanaoridhika na tone wakaacha mengine yote. Hilo linanidai niwaambie zaidi, na niko tayari. Halinidai nimwache nyuki aliye mbele yangu. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Queen Mary, London, walionyesha kwamba wale nyuki wanene wa Ulaya huviringisha vimipira vidogo tena na tena bila kupewa chakula wala malipo yoyote, jambo lililofanana na mchezo. Wa kwetu hawajapimwa hivyo, najua. Lakini ikiwa upo uwezekano kwamba ndani ya kichwa kile kidogo kuna kitu kinachopendeza au kuuma, basi kufa polepole juu ya sementi ya saa saba mchana si jambo la kundi. Ni lake yeye.

MFUGAJI NYUKI: Ukishafika hapo, mama, umeubeba mzigo mzito kuliko ulivyotaka. Ikiwa anaumia, basi mzee mwenye mabawa yaliyochakaa ukimpa sukari umemwongezea saa za kuumia. Hatapona. Atatambaa jioni nzima, usiku utamkuta, siafu watamfikia akiwa hai. Huruma inayomjali yeye mwenyewe, wala si moyo wa anayetazama, ingemmaliza kwa haraka. Uko tayari kusema hivyo kwa wasomaji?

MWENYE BUSTANI: Kwa yule ambaye mabawa yamekunjamana tangu kuzaliwa, au amekanyagwa akabaki nusu, ndiyo, nasema: amalizwe upesi, asiachiwe siafu. Ni neno gumu na silipendi. Ila ona kwamba hata hilo ni kumsaidia. Wewe ulisema apitwe.

MTAFITI WA WADUDU: Mnabishana juu ya nyuki anayekufa kwa umri, na tukubaliane kwamba yeye ndiye mwenye madhara madogo kuliko wote, mkimnyanyua au mkimwacha. Anayestahili ubishi wenu ni yule wa sumu. Mkulima wa nyanya akipuliza saa nne asubuhi, maua ya magugu yote ya kingoni yana nyuki. Akipuliza jioni jua likizama, nyuki wa asali wamerudi, na dawa nyingi za jamii ya pareto huwa zimekauka kufikia asubuhi, madhara yakapungua ingawa hayaishi. Lakini zipo dawa zinazoingia ndani ya mmea wenyewe na kutokea kwenye nekta na chavua. Kwa hizo saa haisaidii. Umoja wa Ulaya ulizuia mwaka 2018 matumizi ya nje ya tatu kati yake: imidaklopridi, klothianidini na thiamethoksamu. Kwa hiyo swali la kumuuliza mkulima si saa peke yake. Ni jina la kiambato lililoandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina la biashara.

MFUGAJI NYUKI: Na mkulima huyo ana mdudu kantangaze ndani ya nyanya, anayeweza kula shamba zima kabla ya mavuno, na nyanya hizo ndizo ada ya shule. Ukimwendea na nyuki mkononi atakuona unamlilia mdudu wakati yeye anaomboleza shamba. Mwendee na hesabu yake. Mwoneshe tikiti maji lililopinda upande mmoja, umweleze kwamba limepinda kwa sababu ua halikutembelewa vya kutosha. Mweleze kuhusu mitego inayonasa madume ya kantangaze kwa harufu ya jike, kuhusu kung'oa na kuchoma masalia ya msimu uliopita, ili apunguze idadi ya mapulizo. Mwite bwana shamba awepo. Hapo ndipo nyuki wanapookolewa.

MWENYE BUSTANI: Nitamwendea na hesabu, na nitamwendea na nyuki. Wale waliokufa, kwenye kopo, ndimi zimetoka, ili asiseme ni maneno. Na wewe utakuja, mzee? Mizinga yako iko kilomita mbili kutoka kwenye zile nyanya, na nyuki wa asali hufika huko bila shida. Huenda waliomo koponi ni wako.

MFUGAJI NYUKI: Nitakuja. Lakini nikifika sitazungumzia nyuki mmoja.

MWENYE BUSTANI: Mimi nitaanza na huyo.